Kabla Hujanunua Sola: Historia Fupi ya Vyombo vya Nyumbani Kitui na Makueni

Leo naweka programu kando kidogo, tuongee habari ya vyombo vya nyumbani, maana nimeulizwa swali na mtu ambaye siwezi kumjibu ovyo ovyo: mama yangu.

Mama anaishi Kitui, upande wa mashariki wa kaunti. Mwaka huu mvua za vuli zilikuwa nzuri, akavuna ndengu, akauza, akabaki na shilingi 22,000 baada ya kulipa karo ya mdogo wangu. Akanipigia simu.

"Si wewe ndiye umesomea kompyuta? Basi niambie. Kuna kijana amekuja hapa na sola yenye TV, nalipa kidogo kidogo kwa simu. Kuna jirani anasema tungoje stima. Na kuna fundi sokoni anasema ninunue paneli na betri, anifungie mwenyewe. Nichukue gani?"

Nilitaka kujibu papo hapo. Mimi ni mtu wa programu, kazi yangu ni kusoma maelezo ya mashine na kulinganisha namba. Lakini nikakumbuka vyombo vyote ambavyo vimewahi kufa katika nyumba yetu, na nikagundua jambo: karibu vyote havikufa kwa sababu ya namba zilizoandikwa kwenye boksi. Nikamwambia, "Mama, nipe siku mbili." Haya ndiyo niliyoyafikiria kwa siku hizo mbili.

Redio ya susu

Nianze na susu, yaani nyanya yangu. Yeye alikuwa na redio ya mawe manne makubwa. Wale wa rika langu mnakumbuka: mawe yakichoka yanaanikwa juani, yanarudi kidogo, taarifa ya habari inasikika, kisha yanalala tena. Yakikataa kabisa kwenye redio, yanahamishiwa kwenye saa ya ukutani, ambayo haili moto mwingi.

Jiwe lile ni la kipimo cha D, kipimo kilichoanza huko Marekani mwishoni mwa karne ya 19 na hadi leo hakijabadilika. Ndiyo maana susu angeweza kununua jiwe Mutomo, Mwingi, Wote au Makindu, na la kampuni yoyote, likaingia. Redio ikiharibika kulikuwa na fundi siku ya soko, chuma chake cha kulehemu kikipashwa moto kwenye jiko la makaa. Aliifungua, akanusa, akabadilisha kitu kimoja, ikasema.

Hebu fikiria: hakuna mtu yeyote, Nairobi wala ng'ambo, ambaye angeweza kuizima redio ya susu. Shika hilo, tutalirudia.

Nyaya zinazopita juu

Swali la pili la mama lilikuwa stima, kwa hiyo tulitazame. Mto Tana unapita mpakani mwa Kitui, na serikali ilijenga mabwawa ya umeme kwenye mto huo moja baada ya jingine: Kindaruma lilimalizika mwaka 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981 na Kiambere 1988. Kutoka Kiambere kuna nyaya za kilovolti 220 zinazokwenda mpaka Rabai, karibu na Mombasa, na njiani zinakatiza Kitui. Mtu angeweza kuchunga mbuzi chini ya nyaya hizo mchana kutwa, na jioni akarudi nyumbani kuwasha koroboi.

Hii si njama, ni uhandisi. Umeme wa kilovolti 220 hauingii kwenye balbu. Unahitaji kituo cha kuushusha, kisha nyaya ndogo, kisha transfoma, kisha nguzo hadi mlangoni, na kila hatua ina gharama yake. Kwa miaka mingi bei ya kuunganishiwa stima ilikuwa shilingi 35,000, na hiyo ni kama uko karibu na transfoma. Mwaka 2015 serikali ilianzisha mradi wa Last Mile, bei ikashuka hadi 15,000, na walengwa wakawa wale walio ndani ya mita 600 kutoka kwenye transfoma. Ukiwa mita 601, pole. Kwetu transfoma ya karibu iko zaidi ya kilomita mbili.

Sola ilianzia kwa walimu

Wengi wanadhani sola ya nyumbani ililetwa Kenya na makampuni ya simu. Sivyo! Miaka ya 1980 katikati, Mmarekani mmoja mhandisi, Harold Burris, alikuwa akiuza na kufunga sola vijijini, na Mark Hankins, aliyekuwa mwalimu wa kujitolea katika shule ya Karamugi kule Meru, alifanya naye kazi ya kuweka taa za sola shuleni mwaka 1984. Wakafundisha mafundi wa hapa hapa. Wazazi na walimu walipoona shule inawaka, nao wakataka nyumbani.

Mtindo ulikuwa mmoja: paneli ndogo juu ya mabati, betri ya gari chini ya meza, taa mbili, na TV ndogo ya rangi nyeusi na nyeupe ya volti 12. Mwalimu ana mshahara, kwa hiyo alinunua paneli mwaka huu, betri mwaka ujao. Kufikia mwisho wa miaka ya 1990 nyumba zaidi ya laki moja nchini zilikuwa na sola, na nyingi zilinunuliwa kwa pesa taslimu, bila ruzuku.

Lakini soko lilipokua, shida ikaingia. Paneli za bei nafuu zilikuwa za silikoni isiyo na fuwele, za wati 12 au 14. Watafiti wakazipima huko huko zilikofungwa, juu ya mapaa ya watu. Chapa nyingi zilitoa karibu na kile zilichoahidi, lakini chapa moja ilitoa pungufu sana ya namba iliyochapwa nyuma yake. Mnunuzi angejuaje? Paneli zote zinafanana, kioo cheusi na waya mbili. Betri ikiisha mapema alidhani ni mawingu, au fundi ni mjinga.

Kasoro ya pili ilikuwa betri. Betri ya gari imeundwa kutoa moto mwingi kwa sekunde chache, injini iwake, kisha ijazwe tena. Ukiinyonya usiku kucha kwa taa na TV, haidumu. Ndiyo sababu nyumba nyingi Ukambani ziliacha paneli juu ya paa na kubeba betri kwenye baiskeli hadi sokoni ikachajiwe, siku moja kwenda, siku moja kurudi.

Mwaka 2012

Sasa tufike mwaka 2012, ambao kwangu ndio mwaka muhimu kuliko yote katika historia hii. Nilikuwa shule ya msingi. Mambo manne yalitokea mwaka huo huo, na mawili kati yake yalitokea Kitui na Makueni.

La kwanza: Ikisaya, kijiji kilicho Kitui mashariki, kilifunguliwa kituo cha sola chini ya mradi wa utafiti ulioongozwa na Chuo Kikuu cha Oslo cha Norwe, ukichota maarifa kutoka vijiji vya India. Kituo kilikuwa na kilowati 2 hivi. Wazo lake ni rahisi: badala ya kila nyumba kununua paneli na betri, nyumba ikodishe taa. Unachukua taa iliyojaa, unawasha, ikiisha unairudisha na kuchukua nyingine. Hapo hapo mtu aliweza kuchaji simu, kunyolewa, kuchapisha barua na kutazama TV. Taa ikifa si yako, ni ya kituo.

La pili: Kitonyoni, Makueni. Chuo Kikuu cha Southampton cha Uingereza kilisaidia kujenga mtambo wa sola wa kilowati 13.5 wa kuwasha soko zima: maduka, shule, zahanati na kanisa. Paneli zimewekwa kama paa kubwa, na paa hilo hilo linavuna maji ya mvua. Mkamba yeyote atakuambia kwamba hapo ndipo mhandisi alipofikiria vizuri! Umeme uliuzwa na chama cha ushirika cha wenyeji, na pesa hizo ndizo zilizokuwa za kuutunza mtambo. Maduka yakaanza kufungwa usiku badala ya magharibi.

La tatu: mwezi Oktoba kampuni ya M-KOPA ilianza kuuza sola kwa mkopo wa kulipa kwa M-Pesa. M-Pesa yenyewe ilikuwa imeanza Machi 2007, na Nick Hughes, mmoja wa waanzilishi wa M-KOPA, alikuwa pia mmoja wa watu walioianzisha M-Pesa akiwa Vodafone. Wakati huo ulilipa amana, kisha shilingi 40 kwa siku kwa mwaka, halafu chombo kikawa chako. Ukiacha kulipa, kilijifunga. Hesabu ya 40 ilikuwa ya busara: ilikaribiana na pesa ambazo nyumba ilikuwa ikitumia kwa mafuta ya taa na kuchajisha simu.

La nne lilitugusa sisi. Usiku wa tarehe 30 Septemba, Tume ya Mawasiliano iliamuru simu zote bandia zizimwe. Kila simu ina namba ya tarakimu 15 iitwayo IMEI (bonyeza *#06# uione), na tulikuwa tumeambiwa tuitume kwa 1555 tujue kama simu ni halali. Kwetu hakuna aliyetuma. Mama alikuwa na simu ya laini mbili, yenye redio, tochi na spika kubwa, aliyouziwa mjini kwa bei ya kutupa. Asubuhi ya Oktoba mosi tochi iliwaka, redio iliimba, lakini mtandao haukuwepo. Hakulia, ila alikaa nayo mkononi muda mrefu. Baba alikuwa akifanya kazi Mombasa na alitutumia pesa kwa laini hiyo. Tulikaa karibu wiki mbili bila kuongea naye, hadi mama alipopata mulika mwizi ya kuazima.

Simu ilikuwa nzima. Kilichokufa hakikuwa ndani ya simu.

TV nayo ikafuata

Miaka mitatu baadaye ikawa zamu ya TV. Kenya ilizindua matangazo ya dijitali Desemba 2009 kwa mfumo wa DVB-T. Watu wachache wenye haraka wakanunua ving'amuzi. Kisha nchi ikahamia mfumo mpya zaidi, DVB-T2, unaopitisha stesheni nyingi zaidi katika masafa yale yale. King'amuzi cha T2 kinaweza kusoma T, lakini cha T hakiwezi kusoma T2. Waliotangulia kununua wakabaki na visanduku vya kuwekea maua juu yake.

Februari 2015 mitambo ya analojia ikaanza kuzimwa kwa nguvu, na stesheni kubwa za binafsi zikatoweka hewani kwa takriban wiki tatu wakati wa mvutano huo. Kabla ya mwaka kwisha, analojia ilikuwa imekwisha Kenya nzima. Zile TV za rangi nyeusi na nyeupe za walimu, zilizotumikia miaka 20 kwa betri ya gari, zikawa kimya kwa siku moja. Hakuna fundi aliyekuwa na kosa.

Taa za shangazi

Nikuambie kisa cha mwisho, halafu nirudi kwa mama. Shangazi yangu, Makueni, alichukua sola ya mkopo kutoka kampuni moja kati ya nyingi zilizofuata mtindo huo. Chombo kilikuwa kizuri kweli. Watoto walisoma, kuku waliangaliwa usiku. Halafu zikaja misimu mfululizo ya ukame kuanzia mwisho wa 2020. Hakuna ndengu, hakuna mbaazi, hakuna pesa. Akakosa kulipa, taa zikajifunga.

Mimi nilikuwa huko likizo, nikakiangalia kile kisanduku. Mchana jua la Makueni lilikuwa kali, paneli inachaji, taa ya kijani inaonyesha betri imejaa. Usiku tuko gizani karibu na betri iliyojaa, tumewasha koroboi! Mwaka wa ukame ndio mwaka wa jua jingi kuliko yote, na ndio mwaka nyumba ile ilikosa mwanga.

Kama mtaalamu nilijua inavyofanya kazi. Vyombo vingine vina laini ya simu ndani, vinaongea na seva. Vingine, kama hicho, vina vitufe vya kubonyeza namba. Kisanduku na seva vina siri moja inayofanana. Ukilipa, seva inachukua siri hiyo, inaichanganya na hesabu ya malipo yako, inatoa tarakimu kadhaa. Unazibonyeza, kisanduku kinafanya hesabu ile ile, majibu yakilingana kinakupa siku zako. Ni programu safi, na ningefurahi kuiandika mwenyewe. Shangazi aliniuliza kama naweza kukifungua. Nilimwambia hapana, na hata kama ningeweza, deni ni deni.

Siilaumu kampuni. Bila mkopo shangazi asingepata taa hizo kabisa. Ila mkopo ule ulipangwa kwa mtu anayepata shilingi kila siku: mwenye boda, mama mboga, mwenye kibanda. Mkulima wa ndengu hapati pesa kila siku. Anapata mara moja au mbili kwa mwaka, na mwaka mwingine hapati.

Ufunguo uko kwa nani?

Sasa mnaona ninakoelekea. Redio ya susu, ufunguo wake ulikuwa mkononi mwake na kwa fundi wa soko. Taa ya Ikisaya, ufunguo ulikuwa kituoni, uliweza kutembea ukamkuta mtu. Umeme wa Kitonyoni, ufunguo ulikuwa kwa ushirika, na wewe uliweza kwenda mkutanoni. Simu ya mama, TV ya mwalimu na taa za shangazi, ufunguo ulikuwa mbali: kwa tume, kwa mfumo wa matangazo, kwa seva. Mbali si lazima kuwe kubaya. Mimi mwenyewe naishi kwa seva. Lakini ukinunua lazima ujue, na boksi halitakuambia.

Nikampigia mama. Nikamweleza hesabu hivi. Taa nne za wati 3 kwa saa tano ni wati-saa 60. TV ya volti 12 ya wati 20 kwa saa nne ni 80. Simu mbili, 10. Jumla 150 kwa usiku. Betri ya lithiamu ya aina ya LiFePO4, volti 12, amp-saa 20, ina wati-saa 240, na inavumilia kunyonywa kila usiku kuliko ya gari. Paneli ya wati 60, kwa jua la kwetu la saa tano nzuri, inatoa hadi 300 kabla ya kuondoa upotevu. Inatosha, na siku ya mawingu inasukuma. TV iwe na T2 ndani yake. Na vifaa vidogo vya sola aangalie kama vimepimwa. Kuna orodha ya VeraSol, iliyotokana na upimaji ulioanzishwa na mradi wa Lighting Africa wa Benki ya Dunia.

Nilijivunia sana maelezo hayo. Mama akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza:

"Na hiyo betri ya lithiamu, fundi wa hapa anaijua?"

Nikanyamaza. Sikuwa nimeuliza! Nilikuwa nimeandika historia nzima ya ufunguo kichwani mwangu, nikasahau kumpa mtu wa kuushika. Nikamwambia anipe namba ya fundi. Tukaongea naye kama nusu saa. Anaijua, ameshafunga tatu, na alinisahihisha kuhusu chaja, kwamba lazima iwe ya kuelewa lithiamu, la sivyo betri haitajaa vizuri. Akaniambia pia ni duka gani Kitui mjini linarudisha betri yenye kasoro bila kelele.

Pesa za mama hazikutosha kila kitu. Amenunua paneli, chaja, betri na taa nne, na fundi amefunga. TV itangoja ndengu zijazo, kama mvua itakubali. Yule kijana wa mkopo alirudi, mama akamkaribisha chai, akamwambia labda dada yake mwenye duka sokoni atamfaa zaidi, maana yeye anauza kila siku. Nadhani huo ulikuwa ushauri mzuri kuliko wangu.

Basi wasomaji, kabla hujanunua, tafuta fundi wako kwanza, umuulize anachojua kukifungua. Tuonane tena siku nyingine, nitarudi kwenye programu.